Madoa kwenye punje za mahindi

Mpendwa msomaji, umewahi kumenya hindi ukakuta punje za njano na za zambarau, nyingine zina madoa, zote katika gunzi moja? Wengi wetu tunapukuchua na kupeleka mashineni. Mwanamke mmoja wa Marekani aliyatazama madoa hayo kwa miaka mingi, na aliyoyaona yanatusaidia leo kuelewa jinsi mwili unavyojikinga na magonjwa.

Barbara McClintock alizaliwa mwaka 1902 mjini Hartford. Mama yake hakutaka aende chuo kikuu, akihofia binti msomi atakosa mume. Baba akamruhusu. Alisomea mimea Chuo Kikuu cha Cornell, akapata udaktari mwaka 1927. Hakuolewa. Alilima mahindi, akayachavusha kwa mkono na kuzichunguza seli zake kwa hadubini.

Katika miaka ya 1940, akiwa kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, New York, aligundua kwamba baadhi ya vipande vya vinasaba huhama mahali. Kipande kikitua kwenye jeni ya rangi, rangi huzimika. Kikiondoka, rangi hurudi, na hapo doa hutokea. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba jeni zimetulia kama shanga kwenye uzi. Mwaka 1951 alieleza kazi yake mbele yao. Wengi hawakumwelewa, wengine wakampuuza. Miaka michache baadaye akapunguza kuichapisha, lakini shamba hakuliacha.

Wengine walipovikuta vipande vya namna hiyo kwenye bakteria, ndipo wakamkumbuka. Tuzo ya Nobel ya tiba ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Alifariki mwaka 1992.

Leo tunajua kwamba karibu nusu ya vinasaba vyetu wewe na mimi imetokana na vipande hivyo. Wapo walioviita takataka. Ni kweli, kimoja kikitua vibaya huweza kuleta ugonjwa, kama ule wa damu kutoganda. Lakini baadhi, vilivyoachwa na virusi vya kale, vimegeuka swichi: adui akiingia mwilini, seli hutoa interferoni, na swichi hizo husaidia kuwasha jeni za ulinzi. Alama ya adui wa jana imekuwa askari wa leo.

Ndugu yangu, simleti Barbara kwako kama mtakatifu. Namleta kwa sababu ananikumbusha yule mwenye shamba katika Injili ya Mathayo, aliyewazuia watumishi waliokuwa na haraka ya kung'oa magugu. Haraka yao ninaijua, maana nami ninayo. Katika parokia moja niliyohudumu, mama mmoja wa jumuiya alituonya mara tatu kwamba kiwanja tulichochagua hujaa maji masika. Hakuwa na elimu ya ujenzi, nasi tukapitisha ajenda. Masika yalipofika, msingi ulititia. Nilikwenda kwake kuomba radhi, nikamkuta amekwisha kunisamehe.

Je, nyumbani kwako, ni nani anayesema jambo lile lile kila siku na hakuna anayemsikiliza? Huenda ni mke, au mtoto wa mwisho, au bibi aliyekaa pembeni. Leo baada ya Misa, kaa naye umsikilize mpaka amalize.

Nawatakia Dominika njema.