Leonhard Euler, mwalimu kipofu

Leonhard Euler alizaliwa mwaka wa 1707 katika mji wa Basel, inchi ya Uswisi. Baba yake, mchungaji wa Waprotestanti, alitaka mwanawe aifuate kazi yake. Lakini kijana alipenda hesabu kuliko yote. Mtaalamu mmoja wa mji ule, Johann Bernoulli, akampa vitabu vigumu, na kila Jumamosi akamweleza mambo yaliyomshinda. Mwisho baba akakubali.

Mwaka wa 1727 Euler alikwenda Saint Petersburg, inchi ya Urusi. Akafanya kazi kwa bidii nyingi. Mwaka wa 1738 jicho lake la kuume likapofuka, naye hakuacha kazi. Baadaye alikaa Berlin miaka 25, akarudi Urusi mwaka wa 1766. Hapo jicho la pili nalo likapatwa na mtoto wa jicho, akawa karibu kipofu kabisa.

Je, kazi yake ilikwisha? Hata kidogo! Alikuwa na mtumishi, kijana aliyejifunza kushona nguo, asiyejua ila hesabu za kawaida. Euler akawa akisema, kijana akiandika. Hivyo kikatungwa kitabu cha aljebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1770.

Humo Euler alifundisha pia namna ya kuondoa kipeuo chini ya mstari wa sehemu. Kipeuo cha pili cha 2, yaani √2, ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2. Ni karibu 1,4142, lakini tarakimu zake hazina mwisho. Basi ukipewa 1/√2, kugawa 1 kwa namba ndefu namna hiyo kunachosha. Ufanyeje? Zidisha juu na chini kwa √2. Thamani haibadiliki, maana juu na chini umezidisha kwa namba ile ile. Sasa juu ni √2, chini ni 2. Gawa 1,4142 kwa 2: unapata 0,7071, upesi na bila taabu.

Na kama chini ni √2 + 1? Zidisha juu na chini kwa √2 − 1. Chini inabaki 1 tu, kipeuo kimetoweka.

Euler aliyaeleza hayo yote polepole, hatua kwa hatua. Hakuweza kuona vema kama kijana amekosea. Ilimpasa kusema wazi kabisa. Na kitabu kilipokwisha, yule mshona nguo mwenyewe aliweza kufanya hesabu ngumu za aljebra bila msaada.

Euler alikufa Saint Petersburg mwaka wa 1783, akiacha maandishi zaidi ya 800. Macho yalimzimikia, lakini aliwaangazia wengine njia. Nawe, hesabu ikikushinda leo, usiitupe: tafuta kwanza namna ya kuirahisisha.