Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika besiboli Marekani

Jackie Robinson, Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli katika karne ya 20, alifariki tarehe 24 mwezi wa kumi 1972 akiwa na miaka 53. Hadi leo watoto wa Marekani wanakutana naye katika riwaya ya Dan Gutman, Jackie & Me, iliyotoka mwaka 1999. Humo, kijana mzungu Joe Stoshack anashika kadi ya zamani yenye picha ya Robinson na kurudishwa nyuma hadi mwaka 1947. Akifika, anajikuta amegeuka mtoto mweusi, na anaanza kuonja yale ambayo Robinson aliyapitia.

Robinson alizaliwa tarehe 31 mwezi wa kwanza 1919 huko Cairo, mji mdogo wa jimbo la Georgia, akiwa wa mwisho kati ya watoto watano. Baba aliwaacha. Mama yake, Mallie, aliwahamishia Pasadena, California, akawalea kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Kaka yake Mack alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens. Jackie mwenyewe alikichezea chuo kikuu cha UCLA michezo minne.

Aliingia jeshini mwaka 1942. Miaka miwili baadaye, huko Texas, dereva wa basi alimwamuru akae viti vya nyuma. Alikataa, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, nayo haikumpata na hatia.

Wakati huo ligi kuu ilikuwa ya wazungu peke yao, na weusi walikuwa na ligi zao. Mwezi wa nane 1945, Branch Rickey, kiongozi wa timu ya Brooklyn Dodgers, alimwita na kumpa sharti gumu: asijibu matusi wala ngumi. Robinson, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia dharau, alikubali. Baada ya msimu mmoja Montreal, Canada, aliingia uwanjani na Brooklyn tarehe 15 mwezi wa nne 1947, akivaa namba 42.

Baadhi ya wachezaji wenzake hawakumtaka. Timu ya Philadelphia ilimtukana waziwazi, kocha wake akiwa mbele. Barua za kutisha kumuua zilimfikia. Alijibu kwa mchezo: mwaka huo alichaguliwa mchezaji mpya bora, na mwaka 1955 alitwaa ubingwa na Brooklyn.

Ukimya wake ulikuwa wa muda. Baadaye alianza kusema wazi, na mwaka 1963 alishiriki maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi. Hata hivyo mabadiliko yalienda polepole: Boston, timu ya mwisho kukubali mchezaji mweusi, ilifanya hivyo mwaka 1959, miaka 12 baada yake. Mwanawe David alihamia Tanzania, akawa mkulima wa kahawa.

Besiboli ni mchezo wa kigeni kwa vijana wa Masisi na Walikale, lakini kukataliwa kwa sababu ya kabila si jambo geni kwao. Mwezi wa tatu 1993, mauaji ya kikabila yalianza sokoni Ntoto, wilayani Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wamerithi chuki ambayo hawakuiona ikianza.

Riwaya ya Gutman inamweka mtoto ndani ya ngozi ya mtu anayebaguliwa. Kitabu cha namna hiyo, kinachomrudisha mtoto wa Kihunde, Kinyanga, Kihutu au Kitutsi kwenye Ntoto ya 1993 akiwa ndani ya ngozi ya jirani yake, kingefaa sana katika shule za Kivu Kaskazini.