Edgar Sengier, mukubwa wa mawe ya Shinkolobwe

Wasomaji wetu wa Likasi, Kambove na Lubumbashi wanajua jina la Shinkolobwe. Jina la Edgar Sengier, wengi wameisha kulisahau. Kumbe huyu njo mutu aliyepeleka mawe ya kwetu Marekani wakati wa vita. Leo tunaleta maisha yake kwa kifupi.

Sengier alizaliwa 1879 kule Kortrijk, Ubelgiji. Alisomea kazi ya migodi Leuven, akamaliza 1903. Mwaka wa 1911 aliingia Union Minière, kampuni ambayo wazee wetu waliitumikia mbele ya Gécamines. Pole pole alipanda mupaka akawa mukubwa wa kampuni nzima.

Bazungu walivumbua mawe ya Shinkolobwe 1915. Wakati ule walitaka radiumu, kitu kidogo sana kinachopatikana ndani ya mawe hayo, juu ya kutunza wagonjwa wa kansere. Walikitosha kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Uraniumu yenyewe haikuwa na bei. Soko lilipoanguka, mugodi ukafungwa, mayi ikajaa ndani.

Mwezi wa 5 mwaka wa 1939, Sengier alikutana London na Henry Tizard, mutu wa sayansi wa serikali ya Uingereza. Huyu alimuonya kwamba mawe yale yakiingia mikononi mwa adui, yanaweza kuleta maangamizi. Sengier alilishika neno lile. Vita ilipoanza, alihamia New York. Mwisho wa 1940 aliamuru tani zaidi ya 1,200 zisafirishwe kupitia Lobito, akaziweka ndani ya depo kwenye Staten Island. Mawe yaliyobaki Ubelgiji yalichukuliwa na Wajerumani.

Mwaka wa 1942 aliwajulisha wakubwa wa serikali ya Marekani, lakini wao walikuwa wanatafuta kobalti. Mapipa yakangoja. Tarehe 18 mwezi wa 9, Kolonel Kenneth Nichols aliingia kwenye biro yake kutafuta uraniumu. Kwa muda usiofika saa moja walipatana, wakaandika mapatano kwenye kikaratasi kimoja.

Juu ya nini walitaka mawe yetu sana? Kilo 100 za mawe yale zilikuwa na karibu kilo 65 za oksidi ya uraniumu. Mawe mengi ya Marekani na ya Canada hayakufikisha hata kilo moja. Na ndani ya kilo 1,000 za uraniumu safi, ni karibu kilo 7 tu za ile aina inayopasuka kwa urahisi na kutosha moto. Njo maana tani nyingi zilihitajika.

Kinu cha kwanza cha nyukilia, ao reakteri, kiliwaka Chicago tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka ule. Kilijengwa kwa matofali ya grafiti, karibu tani 350, na uraniumu ikapangwa katikati. Kazi ya grafiti ni kupunguza mbio ya nyutroni, vile moto uendelee. Siku hizi vinu vingi vinatumia mayi kwa kazi hiyo, na uraniumu inafungwa ndani ya miti myembamba ya zirkoniumu.

Shinkolobwe ikafunguliwa tena, mayi ikavutwa, kazi ikaendelea kwa siri. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima, la tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka wa 1945, ilitoka kwetu. Mwaka wa 1946 Marekani ilimupa Sengier medali. Jiwe moja la Katanga, lenye shaba na uraniumu ndani, linaitwa sengierite juu yake. Alikufa 1963 kule Cannes, Ufaransa.

Tunamupa haki yake: aliona mbali, na bila yeye mawe yote yangebaki njiani ya Wajerumani. Lakini alikuwa mutu wa biashara, aliuza. Wale waliochagua mawe kwa mikono, wakabeba na kujaza magunia, hawakuambiwa ni kitu gani kile, wala kwamba mavumbi yake yanaingia mapafuni na kuharibu mwili. Hakuna medali iliyowafikia, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Mugodi ulifungwa 1960, lakini wachimbaji walirudia hapo kutafuta kobalti, na 2004 ardhi ilianguka, watu wakakufa. Basi, ndugu zetu, jiwe zito jeusi ao la njano kutoka kule, musiliweke nyumbani, na watoto wasilichezee. Na kama babu yenu alitumika Shinkolobwe, ulizeni wazee wangali wazima, muandike jina lake na miaka yake. La Sengier limeisha kuandikwa.