Hedy Lamarr, staa wa sinema aliyetaka redio irukeruke

Jioni ukipita geti za Buruburu au Donholm, sikiza wokitoki za masoja. Nyingi ni za analogi: zinakaa kwenye masafa yale yale, na yeyote mwenye redio iliyowekwa hapo anapata umbea wa mtaa mzima. Redio za dijitali za kurukaruka masafa ni hadithi nyingine. Zinahama mara nyingi kila sekunde, na ni zile tu zinazojua mpangilio zinazofuatana.

Na unajua nani aliwaza kitu hiki mapema? Staa wa Hollywood.

Hedwig Kiesler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1914, kwa wazazi wa Kiyahudi. Mwaka 1933 akaolewa na Fritz Mandl, tajiri wa kuunda silaha na mwenye wivu ajabu. Mezani alikuwa pambo tu, wageni wakiongea silaha. Kumbe pambo lina masikio! Mwaka 1937 akamtoroka, akafika Marekani, akawa Hedy Lamarr.

Vita vilipochacha, akawaza jinsi ya kusaidia. Topido, yaani kombora la majini, likiongozwa kwa redio, adui akijua masafa anayavuruga nalo linapotea. Hedy na mtunzi wa muziki George Antheil wakapendekeza meli na topido vibadilishe masafa kwa pamoja, vikifuata karatasi mbili zilizotobolewa sawasawa, kama zile za piano zinazojipiga zenyewe. Masafa 88, idadi ya vibonye vya piano.

Hataza ilitolewa Agosti 11, 1942. Jeshi la wanamaji likaiweka kando. Hedy likamfaa zaidi sura yake, kuuza hati za kuchangia vita. Hataza ikaisha muda mwaka 1959 bila kumlipa hata senti.

Sawa, wapo waliowaza hivyo kabla yake, na Bluetooth haikunakiliwa kwenye karatasi zake. Lakini ujanja ni ule ule: Bluetooth ya kawaida huruka kati ya masafa 79, mara 1,600 kwa sekunde. Ndiyo maana kwenye matatu ya Umoja iliyojaa, watu kumi wanasikiza ngoma kumi na hakuna anayeingilia mwenzake.

Mwaka 1997 shirika la Electronic Frontier Foundation lilimtuza. Hakwenda, mwanawe ndiye aliyepokea. Alifariki Florida Januari 19, 2000, na kuingizwa kwenye ukumbi wa wavumbuzi wa Marekani mwaka 2014.