Tharia Topan na Nyumba Aliyoiwekea Msingi

Mwaka 1819 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga nchi ya Kutch, na maji ya mto yaliyokuwa yakiulisha mji wa Lakhpat yakageuza njia. Lakhpat ulikuwa mji wa bandari wenye ngome na ukuta mrefu. Maji yalipokwenda zake, vyombo navyo vilikwenda, na wafanyabiashara wakafunga maduka mmoja baada ya mwingine. Katika mji huo uliokuwa ukififia alizaliwa Tharia Topan mwaka 1823, mtoto wa ukoo wa Khoja usiokuwa na mali. Wale miongoni mwetu ambao babu zao walitoka Kutch na Kathiawar hawahitaji kuelezwa zaidi: kijana akishaona kwamba nyumbani hakuna riziki, macho yake huelekea baharini.

Alifika Unguja akiwa bado mvulana. Hakuja na mtaji wala barua ya kumtambulisha kwa wakubwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya chini kabisa katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia kutoka Mundra, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekodi forodha ya Sultani. Hapo ndipo penye sababu ya mimi kumwandika Mwislamu wa Khoja katika kitabu cha maadhimisho ya hekalu letu. Jairam alikuwa na jamaa zake na watu wa dini yake waliotaka kazi, tena wengi, lakini mlango wake haukufungwa kwa mtoto wa Lakhpat. Katika baraza ile Tharia alijifunza kusoma hesabu, kupima pembe kwa jicho, kutofautisha shanga inayopendwa Unyamwezi na ile isiyonunuliwa hata kwa kusihi. Lugha ya Kikutchi iliwaunganisha tajiri na mtumishi, na daftari ndilo lililompandisha mtumishi.

Biashara ya siku zile ilikuwa ya mkopo tangu mwanzo hadi mwisho. Tajiri wa Unguja alimpa kiongozi wa msafara nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na baruti, kisha akangoja. Msafara uliweza kukaa bara mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, na pengine haukurudi. Ukirudi, pembe za ndovu zilipimwa, deni likakatwa, faida ikagawanywa. Mtu asiyejua kumsoma mwenzake alifilisika mapema. Tharia Topan alijua. Mmoja wa aliowaamini kwa mali nyingi alikuwa Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, naye katika kumbukumbu za maisha yake alizoziacha kwa Kiswahili anamtaja Tharia kuwa miongoni mwa waliompa mali ya safari. Kufikia mwaka 1876 yule mtumishi wa zamani alikuwa amekwea hadi kushika forodha yenyewe, ile iliyokuwa ya tajiri wake, na Seyyid Barghash akamfanya mmoja wa watu wa kushauriana nao.

Jina lake lilifika hata katika nchi hii yetu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuja. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akijiandaa kumtafuta Livingstone, ni Tharia aliyempa barua ya kwenda kwa kijana Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, ili apatiwe wapagazi. Msafara ulipofika Tabora, vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Ikawabidi wazunguke kusini, wakapita Ukonongo na Ukawendi, nchi ambazo sehemu yake kubwa leo tunaiita Katavi. Kwa hiyo mizigo iliyofungwa Bagamoyo kwa nguvu ya barua ya Mkutchi ilipita katika miombo hii, miaka zaidi ya sabini kabla reli ya kutoka Kaliua haijafika Mpanda na kabla babu wa yeyote kati yetu hajafungua duka hapa. Makanyagio, masikioni mwangu, ni jina lenye sauti ya nyayo, na kila nikilisikia huwakumbuka wapagazi wale.

Siwezi kuupita upande wa pili wa habari hii kana kwamba haupo. Pembe hazikujibeba. Zilibebwa mabegani na watu wa bara, baadhi yao kwa ujira, baadhi yao wakiwa watumwa, na misafara ya Tippu Tip ilivunja vijiji vingi huko Manyema. Waingereza walimsifu Tharia kwa msaada aliowapa katika kuikomesha biashara ya utumwa, na sina sababu ya kuukana msaada huo. Lakini utajiri uliopatikana kwa kuikopesha misafara ya pembe haukuwa na mikono misafi kabisa, na majirani zetu Wakonongo na Wabende wana haki ya kulisikia hilo likisemwa na mmoja wetu, katika kitabu chetu wenyewe.

Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka hamsini ya utawala. Tharia Topan, akiwa na umri wa miaka 64, aliitumia sherehe hiyo kuweka msingi wa hospitali ya hisani kwa ajili ya Wahindi maskini wa Unguja. Alichagua mahali panapotazama bandari, upande wa Malindi, ili kila chombo kinachoingia kiione. Mafundi waliletwa kutoka India. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwa mtindo wa pwani, kisha zikavishwa mapambo ya plasta, vioo vya rangi na roshani za mbao zilizochongwa kama mtandio wa arusi. Ndani kuna ua uliozungukwa na orofa juu ya orofa. Nathubutu kusema kwamba kwa kuhudumia wagonjwa maskini ilikuwa nyumba ya fahari kupita kiasi, na kwamba sehemu ya fahari hiyo ilikuwa ya mtoaji. Mwaka 1890 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1891 alifariki Bombay, na jengo lilikuwa bado halijakwisha.

Hapa ndipo msomaji aliye katika kamati yoyote ya ujenzi anapopaswa kusoma polepole. Mjane wake, Lady Janbai, aliendeleza kazi hadi mwaka 1894, lakini hospitali iliyokusudiwa haikupatikana. Nyumba ilikuwapo, fedha za kuiendesha hazikuwapo. Mwaka 1900 iliuzwa, ikaingia katika mali ya marehemu Haji Nasser Nur Mohamed. Wasimamizi wa mali hiyo wakafungua zahanati chini na kupangisha vyumba vya juu. Mpango huo haukuwa na utukufu wowote, lakini ulifanya kazi: kodi ya wapangaji wa juu iliwatazama wagonjwa wa chini, na zahanati ikadumu kwa miongo kadhaa.

Mlinganishe na yule kijana wa Bagamoyo. Sewa Haji hakupata cheo cha Sir, na aliishi miaka michache kuliko Tharia; alifariki 1897. Lakini alipolitoa jengo lake la Bagamoyo liwe shule, alitaka lipokee watoto wa kila kabila na rangi. Alitoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam, na katika wosia wake akaacha nyumba na viwanja ili mapato yake yaendelee kuwasaidia wagonjwa na maskini. Hospitali yake ya kwanza haipo tena mahali pake, lakini jina la Sewa Haji lingali linatajwa kila siku pale Muhimbili, na wanaolitaja zaidi ni wagonjwa wasio Wahindi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba la Tharia liliingia mikononi mwa serikali. Halikubomolewa, liliachwa tu. Na nyumba ya chokaa iliyoachwa huanza kufa kwenye paa. Maji yakishapata mwanya hushuka ukutani, mbao zikaoza, roshani zikalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapita njia waliliona likiwa gofu lenye uzuri.

Liliokolewa na ruzuku. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilichukua kwa mkataba wa upangaji kutoka serikalini, ukalikarabati, na katika kazi hiyo mafundi wa Unguja wakafunzwa upya ufundi wa chokaa na uchongaji uliokuwa ukipotea. Jambo ninaloliona kubwa ni kwamba halikurudishwa kuwa zahanati, wala halikuwekwa uzio likawa la kutazamwa tu. Lilifanywa Kituo cha Utamaduni cha Mji Mkongwe, penye nafasi za maonyesho, za ofisi na za biashara, ili mapato yasaidie kulitunza. Karibu miaka mia moja baadaye, mpango ule wa wasimamizi wa mwaka 1900 ulirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Fedha pekee hazitoshi hata hivyo, na ushahidi uko hatua chache kutoka hapo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash, lilikuwa katika ukarabati uliogharimiwa na serikali ya Oman lilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Ruzuku inayokuja baada ya miaka mingi ya kupuuzwa huja kushindana na uozo uliotangulia.

Wanajumuiya wanafahamu kwa nini nimeandika haya mwaka huu. Ukumbi wetu hapa Makanyagio hufanyiwa garba ya Navratri na chakula cha Diwali, na miezi mingine majirani huuazima kwa arusi, vikao vya mtaa na mazoezi ya ngoma ya watoto wa shule. Paa linavuja. Wapo wanaosema tuombe ruzuku kwa wahisani wa nje, na wapo wanaoona ni aibu watu wa biashara kuomba. Mimi ni wa kundi la kwanza, kwa masharti matatu. Hati ya kiwanja na vitabu vya hesabu viwe mahali pamoja na viwe safi kabla ya barua yoyote kuandikwa. Haki ya majirani kuutumia ukumbi iandikwe katika kanuni zetu, isibaki kuwa fadhila ya mwenyekiti aliyepo. Na sehemu ya kila ada ya ukumbi iwekwe katika akaunti ya matengenezo isiyoguswa kwa sherehe, hata sherehe kama hii ya leo. Mtoaji mmoja mwenye mkono mpana hatoshi kuchukua nafasi ya hayo. Tharia alikuwa na mkono mpana kuliko sisi sote tukiunganishwa pamoja.

Atakayekwenda Unguja kwa boti ya Dar es Salaam asimame kidogo akitoka bandarini na kulitazama. Akimuuliza mtu jengo lile ni la nani, huenda asitajiwe Tharia Topan. Ataambiwa ni Dispensari ya Zamani, au Dispensari ya Ithnaashari, kwa kumbukumbu ya wale waliogawa dawa.