Hayati Engelbart, mzee aliyekigawa kioo cha kompyuta

Hapa Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, kazi yangu ni kuwatengenezea wafanyabiashara programu za hesabu. Kuna wanaopeleka mukene Busia na Malaba, na kuna ndugu zetu waliorejea kutoka ughaibuni na laptopu zao. Wote wanataka kitu kimoja: mzigo uonekane upande mmoja, fedha upande wa pili, na katikati uwepo mstari wa kusogeza kwa kipanya. Ndugu msomaji, njia hiyo ilifunguliwa na hayati Douglas Engelbart.

Alizaliwa Januari 30, 1925, Portland, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 9. Jeshi la majini lilimpeleka Ufilipino akiwa fundi wa rada, na huko akasoma makala ya Vannevar Bush kuhusu mashine ya kutunza maarifa. Kwa kuwa rada ilimzoesha kusoma habari kwenye kioo, aliona kompyuta nayo yaweza kufanya hivyo, wakati wengine waliiona kuwa mashine ya kupigia hesabu tu. Alipata shahada ya uzamivu Berkeley mwaka 1955, na mwaka 1957 akajiunga na taasisi ya utafiti ya SRI.

Mwaka 1964, yeye na Bill English walitengeneza kipanya cha kwanza, cha mbao. Desemba 9, 1968, mjini San Francisco, mbele ya wataalamu wapatao 1,000, alikigawa kioo: huku maandishi, kule sura ya mwenzake aliyekuwa Menlo Park. Mfano aliotumia ni wa kwetu kabisa, orodha ya bidhaa za kununua.

Hata hivyo, kipanya hakikumtajirisha. Haki ya uvumbuzi, iliyotolewa mwaka 1970, ilikuwa mali ya taasisi. Wasaidizi wake kadhaa walihamia Xerox PARC, ambako madirisha ya kompyuta yaliendelezwa, naye akasahaulika kwa miaka mingi. Heshima ilimfikia uzeeni: Tuzo ya Turing mwaka 1997 na nishani ya taifa ya teknolojia mwaka 2000. Alifariki Julai 2, 2013.

Siku hizi fundi hutumia JSplitPane ya Java, iliyopo tangu 1998, na mistari michache ya programu inatosha. Lakini ajihadhari. Mpaka ukisukumwa hadi mwisho, safu ya fedha yaweza kufichika. Mwenye mzigo Malaba, anayehesabu shilingi za Uganda na za Kenya, asipoliona deni atauza kwa hasara. Kwa hiyo kila upande upewe upana wa chini usiopunguzwa, na programu ikumbuke mpaka ulipoachwa jana. Ukinunua programu, mwombe fundi auvute mstari huo mbele yako kabla hujamlipa.