Mekatilili: Kofi Tunalikumbuka, Mvi Tumezisahau

Kila inapowadia tarehe 20 Oktoba, siku tunayowaadhimisha mashujaa wetu nchini Kenya, wanafunzi hupanda jukwaani wakamwigiza Mekatilili wa Menza. Aghalabu huchaguliwa msichana shupavu wa miaka kumi na sita hivi, mwenye sauti kali. Huvishwa hando, hupewa kuku na vifaranga vyake, na mchezo hufikia kilele pale anapomzaba kofi mvulana anayeigiza Mzungu. Watazamaji hucheka, hushangilia, kisha huenda zao. Sina ugomvi na mchezo huo. Ninalodai katika safu hii ni kwamba kofi hilo limetuziba macho. Mwanamke yule, alipoingia katika historia mwaka 1913, hakuwa msichana. Alikuwa mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, mjane, na uzee wake ndio uliomfanya aogopwe na serikali nzima.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika nchi ya Wagiriama, upande wa Ganze, bara ya Kilifi. Jina alilopewa ni Mnyazi, na Menza ni jina la babake. Alipojifungua mwana aliyeitwa Katilili, watu walianza kumwita Mekatilili, yaani mamake Katilili. Hivyo basi jina tunalolitaja kwa fahari ni jina la uzazi. Yeyote aliyemwita alikuwa akimkumbusha kwamba ni mama wa mtu.

Simulizi za Wagiriama husema kwamba nyumbani kwao alizaliwa pamoja na ndugu wa kiume, na kwamba mmoja wao, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa mbele ya macho yake, asionekane tena. Ninawaomba walimu wasilipite jambo hili haraka. Miongo mingi baadaye, serikali ya kikoloni ilipokuja kudai vijana wa Kigiriama wakafanye kazi ya mbali, wengi wa vijana hao hawakuwa na kumbukumbu ya biashara ya watumwa. Mekatilili alikuwa nayo. Alikwisha kuona namna ndugu anavyoondoka asirudi, na kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa maana ya kuchukuliwa watoto.

Katika karne hiyo ya 19, Wagiriama walikuwa wametoka katika kaya yao ya asili, Kaya Fungo, wakatawanyika kwenda kaskazini hadi kuuvuka Mto Sabaki. Walilima mahindi yakauzwa Pwani, na walifanya biashara ya meno ya tembo. Hawakuwa na mfalme. Kila boma lilijitawala, na mashauri makubwa yalikuwa ya wazee wa kaya. Watu wa namna hiyo ni vigumu kuwatawala, kwa kuwa hakuna mmoja wa kumshika ukawa umewashika wote. Lakini pia ni vigumu kuwaunganisha, kwa kuwa hakuna mmoja wa kuwaita wakaitika wote.

Ndipo alipokuja Arthur Champion, afisa msaidizi wa wilaya, aliyepewa kazi ya kuwafanya Wagiriama raia watiifu wa dola ya Uingereza. Alitakiwa kukusanya kodi ya nyumba, kuwapata vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Pwani na katika ujenzi mjini Mombasa, na kuwatumia wazee walioteuliwa na serikali kuwa mikono yake vijijini. Juu ya hayo, serikali iliikodolea macho ardhi yenye rutuba iliyo ng'ambo ya Sabaki, ikitaka Wagiriama waihame.

Sasa tujiulize. Kwa nini aliyesimama hakuwa kijana mwenye upinde, wala mzee wa kaya mwenye cheo, bali mwanamke mjane? Katika mila za wakati huo mwanamke hakuwa na kiti katika baraza la wazee. Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na naona majibu matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba mjane wa umri wake alikuwa huru kuliko wanawake wengine wote. Hakuwa na mume wa kumwomba ruhusa, wala mtoto mchanga wa kumfunga nyumbani. Kile ambacho jamii ilikihesabu kuwa upungufu wake, yeye alikifanya nafasi ya kutembea.

Jibu la pili ni ngoma. Wagiriama walikuwa na ngoma ya kifudu, ambayo wanawake waliicheza wakati wa maombolezo. Mekatilili aliicheza kifudu kijiji baada ya kijiji, na watu wakamfuata kwa wingi. Nani angeweza kuwakataza wanawake kuomboleza? Mikutano ya siasa ingeweza kupigwa marufuku siku ya kwanza. Alichukua kitu ambacho wanawake wazee walikuwa nacho tangu zamani, ambacho hakuna afisa aliyekihesabu kuwa kitu, akakitumia kuwaita watu wasio na mfalme.

Jibu la tatu ni kumbukumbu. Wagiriama walimjua Mepoho, mwanamke mtabiri wa enzi zilizotangulia, ambaye husimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni na kuharibika kwa nchi. Mekatilili aliyafufua maneno hayo. Aliwaonyesha watu kwamba kodi, kazi ya kulazimishwa na kutoheshimiwa kwa wazee vilikuwa ugonjwa mmoja, na kwamba dawa yake ilikuwa kurudi pamoja katika kaya.

Watu walirudi. Katikati ya mwaka 1913 walikusanyika Kaya Fungo, naye akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, viapo viwili vikatolewa. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, na wanaume kiapo cha fisi. Aliyekula kiapo aliapa kutoshirikiana na serikali, na aliyekivunja alitarajia mauti. Hebu tuitazame hekima iliyomo humo. Mzee aliyeteuliwa na serikali angeweza kumtii Champion mchana, lakini jioni alirudi kwa mke aliyekula kiapo, akala chakula kilichopikwa na mkono ulioapa. Bila kufyatua mshale hata mmoja, Mekatilili aliiondoa serikali katika kila nyumba. Champion akabaki na amri zisizo na wa kuzitii.

Ni katika mwezi wa Agosti mwaka huo ndipo inaposimuliwa habari ya kuku. Husemwa kwamba katika mkutano wa hadhara alileta kuku mwenye vifaranga, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja aone. Kuku alimdonoa. Fumbo lilikuwa wazi kwa kila mama aliyekuwapo, na kofi linalosimuliwa lilikuja baada ya fumbo hilo. Tunapowafundisha watoto kofi tukaliacha fumbo, tunawapa maganda tukatupa kiini.

Katika taarifa zake kwa wakubwa wake, Champion alimwandika Mekatilili kuwa mchawi. Nalitia mkazo neno hilo, kwa maana nitalirudia. Mtawala alishindwa kueleza ni vipi mwanamke mzee asiye na cheo aliweza kuwakusanya watu ambao yeye, mwenye bunduki na askari, hakuweza kuwakusanya. Badala ya kukiri kwamba ameshindwa kwa akili, alisingizia uchawi.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje, wakahukumiwa kuhamishwa kwa miaka mitano, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, karibu na Ziwa Victoria. Walikuwa kati ya watu wasiowajua, wenye lugha wasiyoielewa. Serikali ilidhani imeyamaliza. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwao mamia ya kilomita, wakipita nyika, misitu na nchi za watu wengine. Wanafunzi wa jiografia na watandaze ramani, waweke kidole Kisii na kingine Kilifi, kisha wafikiri miguu ya mtu mwenye umri wa nyanya zao.

Alirudi akaendelea na kazi ile ile. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na mwezi huo huo alikamatwa tena. Vita vikazuka. Wagiriama walipigana kwa mishale dhidi ya bunduki, nyumba zikachomwa, mbuzi wakatekwa, watu wengi wakauawa. Waliosalia walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa watoe vijana wa kuwa wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na waliokaa ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa. Sitawadanganya wanafunzi kwamba huo ulikuwa ushindi.

Hata hivyo maisha yake hayakuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo tunayoisahau zaidi. Baada ya miaka michache serikali ililegeza msimamo, Wagiriama wakaruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto. Mekatilili naye alirejea mwaka 1919. Hakulipiza kisasi, wala hakujificha. Yeye na Wanje walikaa katika kaya, Wanje akiongoza baraza la wanaume na Mekatilili akiongoza baraza la wanawake. Yule ambaye mila haikumpa kiti sasa alikuwa nacho, na alikipata akiwa bikizee aliyekwisha kuvuka nchi nzima kwa miguu. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ikiwemo hiyo Kaya Fungo, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mwaka 2010 sanamu yake ilizinduliwa mjini Malindi.

Sasa nirudi kwenye lile neno la Champion. Katika Kilifi hiyo hiyo ilipo sanamu ya Mekatilili, kwa miaka mingi tumesoma habari za wazee, wanaume kwa wanawake, waliokatwa kwa mapanga au kuchomewa nyumba kwa tuhuma za uchawi. Aghalabu ushahidi unaotolewa ni mvi na macho mekundu, ilhali nyuma ya tuhuma pamekaa tamaa ya shamba la urithi. Mjukuu anayemwita nyanyake mchawi ili auze ardhi anatumia neno lile lile la mkoloni, na kwa sababu ile ile: mzee amekuwa kizuizi mbele ya kitu anachokitaka. Wala ugonjwa huu si wa Kilifi peke yake. Kisii pia, mahali alikofungwa Mekatilili, bikizee wamechomwa moto kwa tuhuma kama hizo.

Ndiyo maana nasema kwamba namna tunavyomfundisha Mekatilili si jambo dogo. Mtoto anayemjua kama msichana wa kofi ataweza kumpigia makofi jukwaani asubuhi, na jioni akamcheka bikizee anayepita njiani akijikongoja. Mtoto anayemjua kama mjane mzee aliyetumia ngoma ya msiba, kiapo na kumbukumbu kuikwamisha serikali, huyo atasita. Atajiuliza ni nini kilichomo katika kichwa kile chenye mvi.

Walimu, mwakani mnapoandaa mchezo, mpakeni majivu kichwani msichana atakayemwigiza. Mfundisheni kutembea polepole. Kisha watumeni wanafunzi wote nyumbani wakawaulize nyanya zao waliishije katika miaka ya njaa, nani aliyezuia ardhi isiuzwe, na nani aliyewalea mayatima. Wayaandike majibu hayo katika insha, na insha zisomwe darasani kwa sauti. Wazee waliohojiwa nao waalikwe, wakalishwe mbele, waisikie hekima yao ikisomwa wangali hai.